Hela za utafiti wa usafirishaji haramu wa binadamu zinamsaidia nani? Nilikuwa mdadisi, naanza mimi

#1 Mdadisi_Mstaafu

Wakuu salaam.

Kule kwenye uzi wa misaada ya Marekani kukatwa kuna mtu kasema heri zikatwe maana zilikuwa zinaliwa kwenye semina, mwingine kamjibu bila utafiti huwezi kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Moda kafunga uzi kabla sijachangia kwa hiyo nafungua huu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mdadisi, yaani yule anayepita na dodoso kuhoji watu, kwenye utafiti wa mabinti wa kazi za ndani hapa Dar. Mradi siutaji, nilisaini makaratasi. Siku ya pili tukaingia nyumba moja Tabata, mama mwenye nyumba katukaribisha vizuri, soda, halafu na yeye akakaa. Maelekezo yanasema mhojiwa awe peke yake. Nikamwomba kwa adabu zote, akasema "hapa hatuna siri dada, uliza tu", akachukua rimoti akapunguza sauti ya tv asikie vizuri. Binti katoka Mpwapwa, kasema ana miaka 18. Wiki ile kila binti tuliyemhoji alikuwa na miaka 18, sijui walizaliwa siku moja. Umewahi kunyimwa mshahara? Hapana. Umewahi kukatazwa kutoka? Hapana. Muda wote anafuta meza ya kioo, palepale, kwa kitambaa kikavu. Nikafika kwenye namba ya simu ya mhojiwa, hana simu. Tableti haikubali kuendelea bila namba, kipengele kina nyota nyekundu. Nikaweka yangu.

Mpaka tunamaliza namba yangu ilikuwa kwenye madodoso 31.

Sasa swali, hizi tafiti zinamsaidia nani? Na kama hazisaidii tatizo ni hela, ni njia, au ni sisi wenyewe?

#2 Kiboko ya Wapare

Siti ya mbele nimekaa. Pia mkuu kwa hiyo kitakwimu wewe ni mabinti 31 wa kazi?

#3 Mdadisi_Mstaafu

#2 Na kuna cha zaidi. Baada ya kama miezi mitatu kitengo cha ubora kikaanza kupiga simu kuhakiki. Nikapigiwa, "naongea na binti tuliyemhoji Tabata?" Nikasema ndio bosi. Nilikuwa nasubiri malipo ya mwisho ningesemaje. Halafu mimi ni mwanamke, usiniite mkuu.

#4 mzee wa posho

Umejibu swali lako mwenyewe dada. Hela inatoka Washington, inapita kwa mkandarasi wa kwanza anakata, wa pili anakata, wa tatu anakodi ukumbi Bagamoyo, ikifika kwako ni nauli na vocha. Nimeendesha magari ya miradi miaka tisa, nimewapeleka watu kwenye warsha za "uelewa wa pamoja" mpaka barabara nikaijua kwa mashimo yake. Kijiji chenyewe wanakotoka watoto nimeenda mara moja tu, tena tulikaa dakika 40, wakapiga picha chini ya mbuyu tukageuza.

#5 Takwimu_Baridi

Wote mmesema kweli lakini mmekosea pa kulaumu. Hilo la bosi kukaa sebuleni ni kosa la usanifu wa utafiti. WHO walitoa mwongozo mwaka 2003 wa namna ya kuhoji wanawake waliosafirishwa, jambo la kwanza kabisa ni usimletee madhara, na kama mazingira si salama husimamishi tu swali, unaacha mahojiano yote. Mdadisi alitakiwa kuwa na dodoso la bandia, bosi akikaa unabadilisha mada unauliza mambo ya chakula na lishe. Inafanyika kwenye tafiti za ukatili wa kijinsia miaka mingi.

Kusema utafiti hausaidii kwa sababu ulifanywa vibaya ni kama kusema chanjo haifai kwa sababu nesi alichoma sindano kwenye godoro.

#6 Mdadisi_Mstaafu

#5 Nakubali. Mafunzo yetu yalikuwa siku tatu, siku mbili zilikuwa za kujifunza tableti.

#7 MpenziWaHaki

Tukumbuke ukubwa wa tatizo ndugu zangu. Watu milioni 50 duniani wanasafirishwa kila mwaka. MILIONI 50. Halafu tunabishana kuhusu posho.

#8 Takwimu_Baridi

#7 Hapana bwana. Hiyo ni milioni 49.6, ni makadirio ya ILO (shirika la kazi duniani), IOM (la uhamiaji) na Walk Free (la kupinga utumwa) yaliyotoka 2022 kwa hali ya 2021, na wanaita utumwa wa kisasa. Ndani yake milioni 27.6 ni kazi za kulazimishwa na milioni 22 ni ndoa za kulazimishwa. Si kila aliye humo amesafirishwa, na si "kila mwaka", ni idadi ya waliokuwa kwenye hali hiyo. UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, ndio wana ripoti ya usafirishaji wenyewe tangu 2009 lakini wao wanahesabu waliogunduliwa tu, yaani waliofika polisi au kwenye orodha ya serikali. Nchi ambayo polisi wake hawatafuti inaonekana safi kabisa.

#9 Bin Shomari

#8 hapo ndo penyewe. Asiyetafuta haoni, asiyeona hana tatizo, asiye na tatizo haombi bajeti.

#10 Kamchape

Nina swali la kijinga. Mtu aliyefichwa unamhesabuje?

#11 Takwimu_Baridi

#10 Si la kijinga, watu wanalipwa hela nyingi kwa ajili ya swali hilohilo.

Chukua samaki ziwani. Unavua 100, unawatia alama, unawarudisha. Kesho unavua wengine 100, ukikuta 10 wana alama basi ziwa lina kama 1,000. Kwa binadamu unatumia orodha badala ya nyavu, orodha ya polisi, ya nyumba za hifadhi, ya ustawi wa jamii, unaangalia majina mangapi yanajirudia. Waingereza walifanya hivyo, walikuwa na kesi 2,744 za mwaka 2013, hesabu ikawapa kati ya 10,000 na 13,000. Ile ripoti ilitoka 2014.

#12 Kamchape

Na sisi tufanye basi.

#13 afisa ustawi fulani

#12 Utafanya na orodha zipi? Niko ndani ya mfumo, sitasema wilaya. Orodha yetu ni daftari. Kauntabuku kubwa, lina jina, kijiji, na safu ya maelezo yameandikwa "amerudishwa kwao". Shirika la hapa jirani lina orodha yake na hawatupi, wanasema ni faragha, mimi najua wanaogopa tukilinganisha itaonekana binti mmoja kahesabiwa na mashirika matatu na kila moja limemripoti kwa mfadhili wake kama "wangu". Nyavu tatu zimevua samaki yuleyule kila mmoja anasema kavua wa kwake.

#14 mzee wa posho

#13 Hapo umenena mheshimiwa. Binti mmoja, T-shati tatu.

#15 Mombasa Raha

Habarini majirani. Mimi Mkenya, niko Likoni. Mnaongea kama hii kitu ni hausigeli wa kijijini peke yake. Binamu yangu ana digrii ya IT, akaambiwa kazi ya kastama kea Thailand, dola sijui ngapi, tiketi inalipwa. Akatua Bangkok akapakiwa gari usiku, kuamka amevukishwa mto yuko Myanmar, mji wa mpakani wa Myawaddy, kazi ni kutapeli wazungu kwa simu ukijifanya mchumba. Februari 2025 walipofungulia yale makambi ya utapeli watu wapatao 7,000 walitoka, kutoka nchi chungu nzima, Wakenya walikuwemo. Alirudi hana jino la mbele. Sasa mtu akiniambia sababu ni umaskini na elimu ndogo namuuliza ni umaskini upi, huyu alikuwa na laptopu mbili.

#16 Bin Shomari

Lakini #15 kilichomtoa ni kukosa kazi bado. Digrii bila kazi ni umaskini wenye cheti.

#17 Mombasa Raha

#16 maskini kabisa hana pesa ya ajenti bro. Hii biashara inachukua yule ana kitu kidogo cha kuuza. Mama ameuza shamba, amekopa kwa chama, kikundi cha akiba. Ndio maana mtu hawezi rudi mapema, atarudi akamwambie mamake nini.

#18 Takwimu_Baridi

#17 Deni. Dodoso nyingi nilizoziona zinauliza kipato cha familia, chache zinauliza deni.

#19 Bi Mkubwa wa Muscat

Assalam aleikum. Mie niko Oman mwaka wa 14, nimeolewa huku, asli yangu Unguja. Nasoma nyie mnavyopigana na takwimu nacheka na kulia.

Mwaka 2017 Novemba Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, walitoa ripoti yao juu ya Watanzania wafanyakazi wa ndani huku na Imarati. Waliwahoji mabinti 50. Watu wa serikali na maajenti wakasema hao hamsini tu, ni wachache, mbona wengine wamejenga. Na kweli wengine wamejenga, nawajua. Lakini nawajua na wale ambao pasipoti yao imo kwenye droo ya dawa za mtoto chumbani kwa madam, mkataba wa Kiarabu hajui kimeandikwa nini, simu anapewa Ijumaa nusu saa na madam yupo pembeni. Kafala ndo ilivyo, wewe umefungwa na aliyekuleta, ukitoka kwake bila ridhaa yake wewe ndo mkosaji, "katoroka".

Mtafiti gani ataingia kwenye nyumba hiyo? Wanakaa hoteli Ruwi, hapa Muscat, wanangoja waliotoroka waje. Waliotoroka ni wale wenye ubavu. Yule aliyevunjika hasa hatoki.

#20 Mdadisi_Mstaafu

#19 Dada umenigusa. Hiyo droo.

#21 Kamchape

#5 #11 haya wataalamu, aliyefungiwa ndani mnampataje?

#22 Takwimu_Baridi

Kuna njia ya kuponi. Unampata binti mmoja, unampa kuponi tatu awape wenzake anaowajua, kila atakayekuja naye anapewa tatu. Ilibuniwa 1997 na mwanasosholojia mmoja Mmarekani, Heckathorn, kwa watu wanaojidunga madawa. Lakini inahitaji watu wawe wanajuana. Binti anayetumwa sokoni au anayeruhusiwa kanisani Jumapili utampata, anayefungiwa hana wa kumpa kuponi.

Nyingine ni kuuliza majirani. Humuulizi "wewe unanyanyaswa", unamuuliza muuza genge, bodaboda, mwalimu wa madrasa, mtaani kwako unawajua mabinti wangapi wa kazi, wangapi humuoni nje hata siku moja. Unajumlisha, unasahihisha kwa hesabu.

#23 Kiboko ya Wapare

Muuza genge anajua kila kitu. Anajua mpaka nani kapika maharage jana. Hiyo hela ya utafiti wapewe wauza genge.

#24 Bi Mkubwa wa Muscat

#23 Huku hatuna muuza genge baba, tuna ukuta mita tatu.

#25 Mkoloni Mweusi

Nyie mmesahau jambo moja. Data iko wapi? Kila utafiti unaofanyika hapa dodoso linapanda kwenye seva za nje, profesa wa nje anaandika, sisi tunawekwa kwenye shukrani. Halafu Wamarekani kila mwaka tangu 2001 wanatupanga kwa madaraja ya nani anapambana na usafirishaji haramu, ukianguka la tatu wanaweza kukukatia misaada. Nani kawapa kazi hiyo? Tufadhili wenyewe tafiti zetu tuachane na hao.

#26 afisa ustawi fulani

#25 kwa bajeti ipi kiongozi? Sheria yetu ya 2008 imeweka mpaka mfuko wa kuwasaidia waathirika. Nimewahi kuandika barua ya kuomba nauli ya mtoto mmoja arudishwe kwao Kigoma. Nilimpeleka kwa hela yangu.

Ila kuhusu madaraja una hoja, kwa upande mwingine. Kinachopimwa sana ni kesi ngapi zimefikishwa mahakamani na wangapi wamefungwa, kwa hiyo juu wanatuuliza hicho tu. Hakuna anayeniuliza wale niliowarudisha kijijini wako wapi leo. Mmoja nilimrudisha mara mbili, dalali aliyemchukua mara ya pili ni shangazi yake.

#27 Msomi Njaa

Mimi niko upande wa vibali, nimefanya shahada ya pili kwenye mada hii hii. Kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), cha maadili, cha mkoa, cha wilaya, halafu mtendaji wa kata anataka kuona barua yenye muhuri ambao hujawahi kuusikia. Kuna kipindi sheria ya takwimu ilibadilishwa 2018 ikawa hata kuchapisha namba inayopingana na ya serikali ni kesi, ikalegezwa 2019, lakini woga ukabaki. Msimamizi wangu aliniambia badili kichwa cha habari andika "uhamaji wa vijana wa kike kwa ajili ya kazi". Nikaandika hivyo. Kwa hiyo kuna tafiti za usafirishaji haramu nchi hii zimelala maktaba na huwezi kuzipata kwa sababu zinaitwa jina lingine.

#28 Mkoloni Mweusi

#27 kwa hiyo tatizo si hela?

#29 Msomi Njaa

#28 Hela ilinitosha. Nilitumia miezi saba kwenye vibali na mitano uwandani.

#30 TrakaBoi

Mimi ni dereva wa malori Tunduma. Mnasahau Wahabeshi. Tunawaona kila wiki. 2012 pale Dodoma zaidi ya arobaini walikufa kwa kukosa hewa kwenye lori. Msumbiji, Tete, Machi 2020 walikuta 64 wamekufa kwenye kontena. Hao ndo wasafirishwaji wenyewe, hausigeli mnayemsema anakula anashiba.

#31 Wakili wa Kujitegemea

#30 Pole kwa unayoyaona, ila kisheria hao ni magendo ya wahamiaji. Yeye mwenyewe kalipa apelekwe Afrika Kusini, akifikishwa biashara imeisha. Usafirishaji haramu kwa Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya 2000 unahitaji vitu vitatu, kitendo, njia kama udanganyifu au nguvu, na lengo la kumnyonya. Kwa mtoto hata njia haihitajiki. Binti wa miaka 14 aliyeletwa na shangazi ili atumikishwe, hata kama alikubali na alicheka kwenye basi, ni usafirishaji. Wahabeshi hapa hushtakiwa kwa kuingia nchini bila kibali.

Wakenya wana sheria ya 2010, adhabu si chini ya miaka 30 jela au faini si chini ya shilingi milioni 30 za kwao, au vyote.

#32 TrakaBoi

#31 wakili njoo Tunduma nikuoneshe. Anaanza kalipa, sawa. Akifika Chalinze au Mbeya anafungiwa stoo anaambiwa hela imeisha, piga simu kwenu waongeze, anapigwa simu ikiwa hewani mama yake asikie. Hapo bado ni magendo?

#33 Wakili wa Kujitegemea

#32 Hapo panabishaniwa mpaka mahakamani. Kuna utekaji nyara, na inaweza kuwa usafirishaji.

#34 Takwimu_Baridi

Na kwenye takwimu anahesabiwa wapi? Kwa wahamiaji haramu. Faini au kifungo halafu anarudishwa kwao. Hajaulizwa swali hata moja.

#35 Mwalimu Mstaafu wa Kiswahili

Samahani kwa kuingilia. Naona mara "wahanga", mara "waathirika". Mhanga ni yule anayejitoa kafara. Hawa hawakujitoa, walitolewa. Semeni waathiriwa, na aliyeokoka ni manusura.

#36 Kiboko ya Wapare

#35 mwalimu shikamoo. Mbona kwenye uzi huu aliyeandika wahanga hayupo?

#37 Mwalimu Mstaafu wa Kiswahili

Marahaba. Nilikuwa nasoma uzi mwingine.

#38 MpenziWaHaki

Mwalimu kanikumbusha. BBC mwaka 2022 walionyesha wale watoto wenye ulemavu kutoka huku kwetu wakiombaomba Nairobi barabarani. Mwandishi wa habari ndo aliyefuatilia. Kwa hiyo labda hela ya utafiti wapewe waandishi, wao hawasubiri kibali miezi saba.

#39 Mombasa Raha

#38 ni kweli tuliwaona miaka, kwa matrafiki, kwa ferry pia. Tulikuwa tunatoa bob kumi kumi tukidhani mama ni mamake. Ile bob kumi ndio ilikuwa inawaleta.

Halafu Saudia. Wizara yetu ya mambo ya nje ilisema Wakenya 89 walikufa huko 2020 na 2021, wengi eti moyo ulisimama. Wasichana wa miaka 25. Hapo hautaki utafiti wa kuhesabu watu, unataka daktari wa maiti.

#40 mzee wa posho

#39 Kimya.

#41 Mfadhili Njaa

Ngoja niwape upande mwingine maana mimi ni kati ya waliokatwa. Nilikuwa kwenye mradi wa utumikishwaji wa watoto. Januari 2025 tukaambiwa simamisheni kila kitu siku 90, Machi wizara ya kazi ya Marekani ikafuta ruzuku zake zote za nje, na USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi Julai 1. Tulikuwa tumemaliza mzunguko wa kwanza wa ukusanyaji. Mzunguko wa pili ndio ungeonyesha kama kitu kimebadilika. Tableti 60 ziko stoo zimefungwa na mpira wa manila, chaji imeisha, na wadadisi mpaka leo wananiuliza malipo ya mafunzo. Kwa hiyo #4 ukisema heri zikatwe sawa, ila walioumia si wa Bagamoyo, wale walishakula.

ILO walikadiria 2024 kwamba kazi za kulazimishwa zinaingiza faida haramu dola bilioni 236 kwa mwaka. Wenzetu wana bajeti.

#42 mzee wa posho

#41 Mimi sikusema heri zikatwe, soma vizuri, nilisema zinaliwa.

#43 Bin Shomari

Nitasema kitu mtanichukia. Utafiti hautafanikiwa kwa sababu mabosi ni sisi. Nani humu hana binti wa kazi? Analipwa ngapi? Ana siku ya kupumzika? Mdadisi akija kwako utatoka sebuleni?

#44 Kamchape

#43 wangu ana Jumapili.

#45 Bin Shomari

#44 nzima?

#46 Kamchape

Mchana.

#47 Bi Mkubwa wa Muscat

#43 Allah akulipe. Madam wa huku na mama wa Tabata ni ndugu, tofauti ni AC.

#48 Mdadisi_Mstaafu

#43 Mwaka ule ule wa utafiti nilikuwa na binti wa ndugu nyumbani kwangu ananilelea mtoto ili mimi niende uwandani. Nilikuwa namlipa elfu arobaini na nikijiona namsaidia. Dodoso langu mwenyewe lingemkamata. Sikuwahi kumuuliza yale maswali.

#49 Dogo Janja wa Ubungo

Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo. Kuna wakala anapeleka watu Poland, kazi za ghalani. Anataka milioni mbili na nusu, nusu sasa nusu visa ikitoka. Ofisi anayo, ina kapeti na bendera. Mnamshaurije mtu?

#50 Wakili wa Kujitegemea

#49 Ulizia TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wanamtambua. Omba mkataba wenye jina la mwajiri wa huko, uusome kwa lugha unayoielewa kabla hujatoa shilingi. Dai risiti. Na pasipoti usimwachie kwa sababu yoyote ile.

#51 Mombasa Raha

#49 hata binamu yangu aliona kapeti.

#52 Dogo Janja wa Ubungo

#50 pasipoti ameshachukua, tangu Jumatano. Kasema ni ya kuskani tu.

#53 afisa ustawi fulani

Ofisi yake iko mtaa gani?